Mkupuo wa mafao unaishia wapi ndani ya miaka miwili? Tujadili kwa hesabu

#1 Mlezi wa Makorora

Wakuu, salaam.

Hoja hii naileta kwa watumishi wa umma wa Tanzania Bara waliofika miaka 50 na kuendelea, na kwa vijana wenye wazazi wanaokaribia 60. Kila mtaa una mstaafu aliyelipwa mkupuo wa milioni arobaini na kitu, na kabla miaka miwili haijaisha anakopa hela ya dawa ya presha. Lawama zote zinaangushiwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao. Mimi nadai kikokotoo kimechangia, ila fedha nyingi zinapotea katika miezi kumi na minane ya kwanza, kwa sababu mtu anaanza kupanga siku ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu.

Mnaojua haya mambo wekeni namba. "Wekeza kwa busara" tumeshaisikia sana. Tunataka kiasi gani, wapi, kwa utaratibu upi, na nini huwa kinaharibika.

#2 Hesabu Kali

Mleta mada, tuanze na kanuni yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kuipiga.

Pensheni ya mwaka = miezi uliyochangia ÷ 580 × wastani wa mshahara wa mwaka.

Ukishaipata, asilimia 40 yake unazidisha kwa 12.5, huo ndio mkupuo. Asilimia 60 inayobaki unagawa kwa 12, hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi.

Tuchukue mtumishi mwenye wastani wa sh. 1,200,000 kwa mwezi (14,400,000 kwa mwaka) na miezi 360 ya michango:

360 ÷ 580 × 14,400,000 = 8,937,931
Mkupuo: 8,937,931 × 0.4 × 12.5 = 44,689,655
Pensheni ya mwezi: 8,937,931 × 0.6 ÷ 12 = 446,897

Zingatia kwamba wastani si mshahara wa mwisho. Ni wastani wa mishahara mikubwa ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Aliyepanda daraja mwaka mmoja kabla ya kustaafu, akatoka 1,100,000 hadi 1,400,000, wastani wake ni (1.4 + 1.1 + 1.1) ÷ 3, yaani 1,200,000. Watu wanapiga hesabu kwa 1,400,000, wanaahidi watoto gari, kisha wanadai wameibiwa.

#3 Ndugu Kumbukumbu

Sawa mkuu, ila rekebisha hapo kwenye 40%, si ya kila mtu. Kuanzia Julai 2022 kanuni ilikuwa moja, 33% kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ndiyo iliyotenganisha: waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa 50% (PSPF na LAPF) wakapandishwa hadi 40%, na waliokuwa kwenye mifuko ya 25% (kama PPF na GEPF) wakapandishwa hadi 35%. Mtumishi wako huyohuyo kwa 35% anapata mkupuo wa 39,103,448 na pensheni ya 484,138.

#4 Sauti ya Walimu

Mnalipita jambo lenyewe. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF ilikuwa 1/540, mkupuo nusu, kuzidisha kwa 15.5. Mtumishi huyohuyo:

360 ÷ 540 × 14,400,000 = 9,600,000
Mkupuo: 9,600,000 × 0.5 × 15.5 = 74,400,000
Pensheni: 400,000 kwa mwezi

Toa 44,689,655 kwenye 74,400,000. Zimeondoka karibu milioni 30. Ndiyo maana mwaka 2018, baada ya mifuko minne kuunganishwa kuwa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), kanuni mpya ilizua kelele mpaka Rais Magufuli akaisitisha mwezi Desemba. Mtu amejenga mpango wa maisha kwa miaka 25 juu ya namba moja, kisha namba ikabadilika akiwa na miaka 57. Huyo msimwambie hakupanga.

#5 Hesabu Kali

Sauti ya Walimu, hoja yako nzito na siipingi. Ila nieleze ile 12.5, kwani humo ndimo uamuzi ulipo.

Mkupuo si zawadi juu ya pensheni. Umeuza sehemu ya pensheni yako, na bei ni miaka 12 na nusu. Linganisha 33% na 40% kwa mfano wetu: mkupuo umeongezeka 7,820,690, pensheni imepungua 52,138 kwa mwezi. Gawanya, unapata miezi 150. Akistaafu na 60, hiyo nyongeza inakuwa imejilipa akifika 72 na nusu. Akiishi zaidi ya hapo bila kuizalisha, anaanza kula hasara.

Upande wa pili: 1 ÷ 12.5 ni asilimia 8. Kwa hiyo nyongeza ya mkupuo ikiwekwa mahali panapotoa zaidi ya 8% kwa mwaka bila mtaji kuguswa, mstaafu ameshinda. Ikienda kwenye mahali panapotoa chini ya hapo, au ikaliwa, heri ingebaki kwenye pensheni. Kila mradi atakaoshauriwa auulize swali hilo moja: unavuka nane?

#6 Bi Nuru

Hapo kwenye nane pamenifungua macho, ahsante. Ila kuna pengo ambalo halijatajwa. Mstaafu halinganishi pensheni na mshahara ghafi, analinganisha na alichozoea kushika mkononi.

Mshahara 1,400,000. Toa 5% ya PSSSF (70,000), toa kodi kwenye 1,330,000 inayobaki (227,000), toa 3% ya bima ya afya ya NHIF (42,000). Mkononi 1,061,000, kama hana mkopo wala makato ya chama. Pensheni 446,897. Pengo ni sh. 614,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza. Na posho zilizokuwa zikisaidia nauli na vocha hazimo humu kabisa.

Kwa hiyo kama matumizi ya nyumbani hayakubadilika, mkupuo ndio unaoziba. 614,000 × 12 ni milioni 7.4 kwa mwaka. Milioni 44 ikitumika kuziba tu, bila mradi wowote wala harusi, inaisha ndani ya miaka sita. Ongeza mradi mmoja uliokufa wa milioni 20 na bati la nyumba ya kijijini milioni 8, miaka miwili ya mleta mada ndiyo hiyo.

Dawa yake ni kuanza kuishi kwa pensheni ukiwa bado kazini. Miezi kumi na miwili kabla, familia ijaribu kuishi kwa 500,000, kinachobaki kiende akiba. Wakishindwa na 500,000 mshahara ungali unaingia, wajue mapema nini cha kukata.

#7 Mdau wa Masjala

Na mimi nichangie upande wa karatasi. Mnapiga miezi 360 kana kwamba yote imeandikwa mfukoni.

Kila mwezi unaokosekana kwenye taarifa ya michango, kwa mshahara wa mfano huu, unapunguza mkupuo kwa sh. 124,138 na pensheni kwa sh. 1,241 maisha yote. Ikikosekana 14, ambayo si ajabu kwa aliyehamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, imekwenda 1,737,931 ya mkupuo na 17,379 ya kila mwezi.

Fungua jalada lako nyumbani ukiwa na miaka 55. Ndani yake ziwemo: barua ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupanda daraja na za uhamisho, hati za mishahara (hasa za miezi ya uhamisho), kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Omba taarifa ya michango ya mfuko, kaa na kalamu, weka alama mwezi kwa mwezi. Palipo na tundu, peleka hati ya mshahara wa mwezi huo inayoonyesha ulikatwa. Bila hati hiyo utamsubiri mwajiri wa zamani atafute kwenye stoo, na mhasibu wa wakati huo naye keshastaafu.

Majina nayo. Ajira inasema Mwanaidi, NIDA inasema Mwanahidi. Herufi moja inatosha kusimamisha madai. Tofauti ndogo ya tahajia inatengenezwa kwa kiapo, jina lililobadilika kabisa linahitaji hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Ifanye miaka mitatu kabla. Tarehe ya kuzaliwa usiihangaikie: inayotumika ni ile uliyojaza mwanzo wa ajira.

#8 Kijana wa Kada

Shikamooni wakubwa. Mdau wa Masjala, taarifa ya kustaafu inatolewa lini? Na aliye chini ya miaka 15 ya michango je?

#9 Mdau wa Masjala

Marahaba. Barua ya kusudio la kustaafu miezi sita kabla, iwe kwa hiari (55) au kwa lazima (60). Maprofesa na madaktari bingwa wana utaratibu wao unaofika 65. Aliye chini ya miezi 180 hapati pensheni ya kila mwezi, analipwa mkupuo maalumu basi. Mtu mwenye miezi 171 anayetaka kuondoka kwa hiari asubiri hiyo tisa, asiichezee.

#10 Mwana Matofali

Mimi nasema nyumba. Milioni 30 inakupa vyumba sita vya kupanga vyenye choo cha ndani maeneo ya pembezoni ukiwa tayari una kiwanja. Chumba 50,000, vyumba sita 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Hiyo ni 12%, imevuka nane ya Hesabu Kali. Tena nyumba inapanda thamani na kodi unaipandisha, wakati pensheni haipandi yenyewe kila bei ya unga ikipanda.

#11 Hesabu Kali

Mkuu, 12% hiyo ni kabla ya gharama. Toa miezi miwili kwa mwaka ambayo chumba kimoja kimoja hukaa wazi. Toa kodi ya zuio ya pango, 10%. Toa jengo: rangi, vitasa, kunyonya choo, koki. Kiwanja ulichosema "tayari unacho" nacho kina bei, kiingize kwenye mtaji. Ukimaliza uko kwenye 7 hadi 8.

Jambo la mfumuko nakuunga mkono. Pensheni ya 446,897, bei zikipanda 4% kwa mwaka, baada ya miaka 18 inanunua nusu ya inachonunua leo. Nyumba inalinda hapo. Ila ijengwe ukiwa kazini, kwa mshahara, chumba kimoja kimoja. Msingi unaochimbwa kwa mkupuo huwa haufiki linta, kwa sababu bei ya nondo na saruji inabadilika njiani na fundi anajua una fedha.

#12 Mnada wa Jumatano

Hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) hazijatajwa mpaka posti ya 12, jamani.

Utaratibu: fungua akaunti ya CDS (ndimo hatifungani zako zinapoandikwa) kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Unahitaji NIDA, picha, namba ya akaunti ya benki. Kiwango cha chini ni sh. 1,000,000. Benki Kuu inatangaza kalenda ya minada, na minada hufanyika Jumatano. Mtu wa kawaida ajaze zabuni isiyo ya ushindani, yaani akubali bei itakayotoka mnadani, asianze kubashiri bei. Kuponi, yaani riba ya hatifungani, inaingia benki kila baada ya miezi sita, na hatifungani za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio kwenye riba, wakati amana ya muda maalumu ya benki inakatwa 10%.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawawaelezi wastaafu: miezi sita ni mirefu. Usinunue hatifungani moja ya milioni 25. Nunua mbili za milioni 12 au 13, moja ikilipa Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba. Hapo unapokea kila robo mwaka. Kwa kuponi ya 12%, milioni 25 ni 3,000,000 kwa mwaka, yaani 750,000 kila baada ya miezi mitatu. Ukiongeza juu ya pensheni, ni kama 697,000 kwa mwezi na mtaji haujaguswa.

#13 Bi Nuru

Viwango vya kuponi vimekuwa vikipanda na kushuka. Ya miaka 25 ilianza 2021 ikiwa 15.95%, mwaka uliofuata mpya zikatolewa kwa 12.56%. Anayepanga leo asitumie namba ya jirani aliyenunua 2021.

Na tahadhari moja: kuponi si faida yako mpaka ujue umenunua kwa bei gani. Ukinunua sokoni hatifungani ya 15.49% kwa bei ya 110 kwa kila 100, umelipa 110 upate 15.49. Faida halisi kwenye hela yako ni 14.08%, na siku ya kuiva unarudishiwa 100, ile 10 imekwenda.

#14 Fundi Mwinyi

Miaka 20 au 25! Mtu ana 60, inaiva ana 80 au 85. Akiugua katikati anafanyaje?

#15 Mnada wa Jumatano

Anauza kupitia dalali, soko lipo. Ila bei siku hiyo inaweza kuwa chini ya aliyonunulia, na mnunuzi anaweza kuchukua siku kadhaa kupatikana. Ndiyo maana fedha ya ugonjwa haikai kwenye hatifungani. Iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT (taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja): unanunua vipande, unaviuza unapotaka, hela inafika ndani ya siku tatu za kazi. Milioni 5 hadi 6 zikae huko wala zisisimuliwe.

Asiyetaka habari za mnada kabisa, UTT wana Mfuko wa Hatifungani. Ukianza na milioni 10 unaweza kuchagua kulipwa gawio kila mwezi, ukianza na milioni 5 kila nusu mwaka. Faida yake inabadilika, haifungwi kama kuponi.

#16 Banda Bora

Wakuu mnasahau kwamba mtu haishi kwa riba tu, anahitaji kazi ya mikono. Kuku wa mayai 500 wanamweka mzee hai na mfukoni kunaingia kila siku.

#17 Daktari wa Mifugo Mtaani

Banda Bora, twende taratibu, mradi huu unaua mikupuo mingi na sababu yake ni moja: watu wanapigia hesabu mayai, hawapigii wiki 20 za mwanzo.

Kifaranga mmoja mpaka aanze kutaga (wiki ya 18 hadi 20) anakula kilo 7 hadi 8 za chakula. Kuku 500 ni kama kilo 4,000, mifuko 80 ya kilo 50, kabla hujaona yai hata moja. Zidisha mifuko 80 kwa bei ya dukani kwenu sasa hivi. Hiyo fedha lazima iwe imetengwa siku unaponunua vifaranga, juu ya banda, vyombo, taa na chanjo.

Wakishaanza kutaga, kila kuku anakula gramu 120 kwa siku. 500 ni kilo 60, zaidi ya mfuko mmoja kila siku iendayo kwa Mungu. Kwenye kilele (wiki ya 26 hadi 30 hivi) wakitaga 85% unapata mayai 425, trei 14. Bei ya trei 14 toa bei ya kilo 60 za chakula. Kama kinachobaki hakilipi kijana wa banda, dawa na maji, usianze.

Chanjo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui kuanzia wiki ya 6 hadi 8, kisha kideri kila miezi mitatu. Chanjo ya maji inawekwa kwenye maji yasiyo na klorini, kuku wanyimwe maji saa mbili kabla, wayamalize ndani ya saa mbili. Ukiiweka kwenye maji ya bomba yenye dawa, umeiua chanjo mwenyewe na utajua siku kideri kitakapoingia.

Ushauri: kuku 50, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Ukivusha makundi mawili bila kupoteza zaidi ya watano kila kundi, ongeza.

#18 Banda Bora

Mkuu umenipa shule nzima. Nakubali kuhusu 50. Ila kutaga kwenyewe kunaendelea zaidi ya mwaka, useme na hilo.

#19 Mkulima wa Nyanda za Juu

Na miti nayo ina umri wake. Anayepanda misindano akiwa na 60 anapandia wajukuu. Ni jambo zuri kama ndilo alilokusudia, lakini asiihesabie kama pensheni. Milingoti ya nguzo inataka kama miaka 8 hadi 10. Parachichi za Hass kwa Njombe na Rungwe zinaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inakupa miche kama 80 kwa eka. Miaka ya mwanzo ndiyo ya kumwagilia, kupalilia na kukata matawi, kwa hiyo ipande ukiwa na 55 au 56, mshahara ulipe kibarua. Ukistaafu unakuta mti unazaa. Shamba lililoanzishwa kwa mkupuo linakula mkupuo miaka mitatu kabla ya kulisha mtu.

#20 Mwanakijiji wa Kisauni

Habari zenu. Kutoka huku Kenya nawasoma kwa makini. Kwa utaratibu wa zamani wa serikali yetu ilikuwa 1/480 kwa kila mwezi wa kazi, na mtu anauza robo ya pensheni kwa kuzidisha mara 20. Wenzetu wa 12.5 mnapunjika kwa kweli.

#21 Ndugu Kumbukumbu

Karibu. Ila ongeza kwamba huko kwenu waliokuwa chini ya miaka 45 walihamishiwa mfuko mpya tangu Januari 2021, mtumishi anachangia 7.5% na serikali 15%. Hao hawana tena kanuni ya 1/480 kwa miaka inayokuja, wanategemea kilichokusanywa na faida yake.

#22 Mwanakijiji wa Kisauni

Ni kweli, ndugu. Na ndio maana vijana wa huku wanalalamika kinyume na wenu: mtaji wanauona kwenye taarifa, ila hawajui mwezi utawapa ngapi.

#23 Mpemba Mtulivu

Msisahau Zanzibar kuna mfuko wetu, ZSSF, sheria yake mbali na PSSSF. Namba za uzi huu mtumishi wa SMZ asizibebe. Na huku tangu 2016 kuna Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70, hata asiyewahi kuajiriwa. Bara mngelidai hilo badala ya kubishania asilimia.

#24 Sauti ya Walimu

Mpemba, hapo umesema neno. Mama ntilie na mvuvi hawamo kwenye kikokotoo chochote. Mfuko wa NSSF unapokea waliojiajiri, hata kwa michango midogo, lakini mtu wa kipato cha msimu anahitaji kuingia mapema ili afikishe miezi yake.

Narudi kwa Bi Nuru (#6). Pengo lako lina chanzo kabla ya kustaafu. Mtumishi anakopa mkopo wa mwisho akiwa na 57 ili amalize nyumba. Sheria inataka abakiwe na theluthi ya mshahara. Miaka mitatu anaishi kwa theluthi, kwa hiyo anakopa dukani, kwenye kikoba, mwisho kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kali). Mkopo wa benki unakwisha anapostaafu, ila madeni madogo yanamngoja mlangoni. Milioni 5, milioni 8 zinaondoka wiki ya kwanza. Hilo halionekani kwenye hesabu yoyote hapo juu.

#25 Bi Nuru

Umenikumbusha. Basi sheria yangu ya miezi kumi na miwili haitoshi, iwe: hakuna mkopo mpya baada ya 55.

#26 Mwana Matofali

Haiwezekani dada. Bila huo mkopo wa 57 wengi wangestaafu wakiwa wapangaji.

#27 Dada wa Mirathi

Naongeza la mwenza. Mkupuo unaingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, namba ya siri kichwani mwake. Akianguka, mke au mume anaanza safari: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, tangazo, barua ya usimamizi wa mirathi. Miezi inapita na kuponi zinarundikana pasipoguswa. Vipande vya UTT vinaweza kufunguliwa kwa majina mawili. Wategemezi wahuishwe kwenye kumbukumbu za mfuko, hasa aliyeoa au kuolewa tena na jina la zamani bado limo. Na kuwe na karatasi moja nyumbani: akaunti zipi, namba ya CDS ipi, dalali nani, nani anadaiwa.

Kuhusu matapeli: simu inayosema "mafao yako yako tayari, tuma laki mbili tuharakishe" ni ya wizi, mfuko hautozi hela kulipa mafao. Na uhakiki wa kila mwaka mstaafu anaweza kuufanya mwenyewe kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani. Asimpe kijana wa mtaani simu na namba ya siri.

#28 Muuguzi wa Zamu

Mmeongea fedha tu, afya mmeigusa kwa mbali. Mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF pamoja na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kuchangia. Watoto na wazazi wanatoka. Kwa hiyo mzazi wa miaka 85 aliyekuwa kwenye kadi yako anahitaji mpango wake, na binti wa chuo vilevile. Kadi ibadilishwe mapema, usiende kuibadilisha siku unayoumwa.

Kabla ya kuhamia kijijini pima hivi: dawa zako za presha na sukari zinapatikana kituo gani, nauli ya kwenda na kurudi ni ngapi, na usiku gari linapatikana? Nyumba nzuri iliyo kilomita 40 za vumbi kutoka hospitali inamrudisha mtu mjini kwa mwanawe ndani ya miaka mitatu, na nyumba inabaki na popo. Nendeni mkakae mwezi mzima huko, mwezi wa masika, kabla ya kujenga.

Na saa za mchana. Aliyezoea kengele ya saa moja na nusu kwa miaka 30, asubuhi ya Jumatatu isiyo na kengele ni ngumu. Anatoka, anakaa kijiweni, chai ya 2,000, gazeti, anatuma soda kwa marafiki, 10,000 imeondoka. Kwa mwezi laki tatu. Anayefundisha watoto wa mtaa hesabu saa tatu hadi tano, au aliye mweka hazina wa msikiti, kanisa au chama cha maji, hiyo laki tatu haitoki na tena analala vizuri.

#29 Hesabu Kali

Laki tatu ya kijiweni ni zaidi ya kuponi ya milioni 25 kwa mwezi. Muuguzi, hiyo namba nimeiandika.

#30 Mlezi wa Makorora

Ahsanteni sana. Kwa hiyo hadi sasa mmeshika sababu tano: kikokotoo (#4), pengo la mwezi (#6), madeni ya miaka ya mwisho (#24), mradi usiojulikana (#17) na saa za mchana (#28). Mimi bado nashikilia ile miezi kumi na minane, ila #24 kanitikisa. Kama milioni 8 ni madeni, basi tatizo limeanza akiwa kazini.

#31 Sauti ya Walimu

Na namba iliyobadilishwa akiwa na 57 usiiondoe kwenye orodha.

#32 Kijana wa Kada

Swali la mwisho kwa Mnada wa Jumatano: mzee anastaafu mwezi wa tisa mwaka huu, 35% si 40%. Ile ya kulipwa Januari na Julai, akikuta mnada wa miaka 20 umepita, asubiri au achukue ya miaka 10?

#33 Mnada wa Jumatano

Asubiri, fedha ikae Ukwasi. Kalenda itaonyesha ya miaka 20 inarudi lini. Lakini kwanza mwambie aangalie miezi yake kama alivyosema Mdau wa Masjala. Mwezi wa tisa uko karibu.